BAISKELI ISIKAMATWE, IWEKWE TAA KWANZA



Mliohudhuria mkutano mkuu wa kijiji uliopita mtakumbuka kwamba lilitolewa pendekezo la kutunga sheria ndogo ya baiskeli. Lilisema hivi: baiskeli yoyote itakayokutwa njiani usiku bila taa, au mchana bila breki, ikamatwe na sungusungu, iwekwe ofisi ya kijiji, na mwenyewe alipe shilingi 10,000 ndipo arudishiwe. Watu walipiga kelele, wengine wakapiga makofi, jua likazama, mwenyekiti akaahirisha. Litarudi mkutano ujao. Sisi wa kamati ya gazeti hili tumekaa tukalizungumza siku mbili, na tumeona ni vizuri tuseme mapema, ili kila mtu asome, abishane na jirani yake, na aje mkutanoni akiwa na neno badala ya kelele.

Kwanza tuseme haki. Waliotoa pendekezo hili si wabaya wetu, na shida waliyoiona ipo kweli. Sote tunajua yaliyompata mwenzetu mmoja msimu uliopita. Alitoka Maganzo magharibi, kabeba gunia la mahindi kwenye keria, koti lake jeusi, baiskeli haina taa mbele wala rifulekta nyuma. Lori likamkaribia mno, likamsukumia kwenye korongo pembeni ya lami. Dereva hakusimama. Mguu ulivunjika mahali pawili, na shamba lake la pamba likapaliliwa na nzengo. Pale hospitali wengine walisema kosa ni la dereva, wengine wakasema baiskeli haikuonekana. Sisi tunasema yote mawili ni kweli, na ndiyo maana jambo hili halitibiwi kwa dawa ya upande mmoja.

Hebu tufanye hesabu kidogo, hesabu ya darasani tu. Gari likienda kilometa 80 kwa saa, kila sekunde moja linakula mita 22. Dereva akikuona ukiwa mita 40 mbele yake, ana chini ya sekunde mbili kabla hajakufikia. Katika sekunde hizo mbili atambue kwamba kile cheusi ni mtu, aamue, akanyage breki, na lori lenye mzigo likubali kusimama. Haliwezi! Lakini kitu kinachong'aa nyuma ya baiskeli huonekana kutoka mbali zaidi, na dereva anapata sekunde za kupunguza mwendo na kupisha. Jamani, kipande cha karatasi ya kung'aa kisichozidi kiganja kinaweza kuamua kama mtu atalala kwake au wodini.

Na tusijifiche nyuma ya magari, maana na sisi tuna makosa yetu. Tunapanda watatu sambamba tukipiga soga katikati ya lami kana kwamba ni njia ya kwenda kisimani. Tunafunga nguzo za kujengea kwa mapana, zinachukua barabara nzima. Breki ikiisha tunasema "si ndala ipo," tunashusha mguu tunakanyaga tairi, na siku ndala inapoteleza tunalaumu shetani. Wengine wanatoka kilabuni baiskeli ikiwaongoza wao. Watoto wadogo wanaendesha baiskeli za baba zao kwa kupenyeza mguu katikati ya fremu, wanaingia lami bila kutazama kushoto wala kulia. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haikuandikwa kwa ajili ya magari peke yake. Mwendesha baiskeli naye ni mtumiaji wa barabara, ana haki yake na ana wajibu wake. Hata mkataba wa mataifa juu ya barabara uliofanywa Vienna mwaka 1968 unataka baiskeli iwe na breki inayoshika, kengele inayosikika, kiakisi chekundu nyuma, na taa. Hayo si mambo ya Wazungu tu, ni mambo ya mtu anayetaka kufika.

Basi kama tunakubali yote hayo, mbona tunapinga pendekezo? Tunapinga neno moja: KUKAMATA.

Ndugu zetu, baiskeli katika nchi hii ya Shinyanga si kitu cha kutembelea jioni. Ndiyo gari letu. Pale mjini Shinyanga watu waliita baiskeli za abiria "daladala", na mgeni aliyetoka Dar es Salaam alipoambiwa apande daladala alishangaa kuona keria yenye mto. Pamba inatoka shambani juu ya baiskeli. Maji yanatoka bwawani juu ya baiskeli, madumu manne hata sita. Maziwa, mkaa, michembe, mabati ya nyumba, yote ni Phoenix. Asubuhi kijana anakwenda kibarua cha mgodini kwa baiskeli. Usiku mama akishikwa na uchungu, au mtoto akipandwa na homa, na pikipiki haipatikani, ni baiskeli inayompeleka zahanati. Sasa mtu huyo akikutana na sungusungu saa saba za usiku, baiskeli haina taa, mgonjwa yuko nyuma, afanyweje? Ashushwe? Sheria isiyoweza kujibu swali hilo haijaiva.

Tena angalieni ni nani atakayekamatwa. Mwenye duka atanunua taa siku hiyo hiyo. Atakayekamatwa ni yule aliyeuza debe la mtama kununua tyubu, aliyebandika kiraka juu ya kiraka. Huyo ukimtoza shilingi 10,000, hiyo ndiyo ilikuwa fedha ya taa. Baiskeli italala ofisini mwezi mzima, shamba litalala, na siku akiikomboa atatoka nayo vile vile, gizani, bila taa. Kijiji kitakuwa kimepata shilingi 10,000, na barabara itakuwa haijapata usalama hata chembe.

Wazee wetu wanakumbuka zaidi ya sisi. Wanakumbuka namba ya bati iliyofungwa kwenye baiskeli kuonyesha leseni imelipwa. Wanakumbuka enzi za kodi ya maendeleo, mgambo walipoingia vijijini alfajiri, na asiyekuwa na stakabadhi baiskeli yake ikasukumwa hadi ofisini pamoja na kuku. Kodi ile ilifutwa mwaka 2003, na hakuna aliyeililia. Je, sisi wenyewe, kwa mikono yetu, tuirudishe alfajiri ile kwa jina jingine?

Na liko jambo la sheria ambalo ni lazima lisemwe. Halmashauri ya kijiji ina uwezo wa kutunga sheria ndogo kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, lakini haianzi kutumika kwa makofi ya mkutano. Wanakijiji hushirikishwa, halafu huidhinishwa na halmashauri ya wilaya, kwetu sisi ni Kishapu. Kabla ya hapo, anayekamata baiskeli ya mtu na kudai fedha hana sheria mkononi. Na hata baada ya hapo, fedha isiyo na stakabadhi si faini, ni kitu kingine ambacho kila mtu anakijua jina lake.

Sasa tuangalie upande wa pili. Wenzetu wa bodaboda tunawaona kila siku pale Maganzo. Jina lao lenyewe lilizaliwa kwenye baiskeli: lilianzia mpakani mwa Kenya na Uganda, huko Busia, katika miaka ya 1960, baiskeli zilipokuwa zikibeba watu na mizigo kutoka mpaka mmoja hadi mwingine, "boda kwa boda". Baadaye pikipiki ikaja ikalichukua jina, mwenye jina akabaki pembeni. Katika bajeti ya mwaka 2021/22 Serikali ilitangaza kupunguza faini ya makosa ya barabarani kwa bodaboda na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000. Hatuwaonei wivu, wamefanya vizuri. Lakini tujiulize, wao wana nini ambacho sisi hatuna? Wana vijiwe, wana viongozi, wana daftari la wanachama. Mkubwa akipita anawakuta pamoja, anawasikiliza. Mwendesha baiskeli anapita peke yake na gunia lake, anaumia peke yake, anazikwa na nzengo yake, basi.

Na hii ndiyo ajabu, kwa maana sisi watu wa pamba tulipaswa kuwa walimu wa umoja. Babu zetu walipokuwa wakipeleka pamba mmoja mmoja kwa wanunuzi, mizani iliwapunja, na aliyelalamika aliambiwa arudi na pamba yake. Walipoungana wakaweka wapimaji wao wenyewe, wakaunda vyama vya msingi, na mwaka 1955 kikaundwa chama kikuu cha ushirika wa pamba cha Kanda ya Ziwa, Victoria Federation of Co-operative Unions. Kwa fedha ya pamba hiyo hiyo wengi wao ndipo waliponunua baiskeli ya kwanza. Vyama vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, vimepanda na kushuka, lakini somo la mizani halijafutika: mtu mmoja hulalamika, watu mia moja hudai.

Wenzetu wengine wameshaanza. Dar es Salaam kipo chama kinachoitwa UWABA, yaani Umoja wa Waendesha Baiskeli, ambacho kimefanya misafara ya baiskeli barabarani kudai njia salama kwa watu wa kawaida wanaokwenda kazini na sokoni. Barabara ya Morogoro ilipojengewa mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza kazi mwaka 2016, iliwekewa na njia ya baiskeli. Lakini aliyefika huko atakwambia kwamba mara nyingi pikipiki na wauza bidhaa wamejaa humo humo. Hilo nalo ni funzo: njia isiyo na wenyewe huvamiwa.

Na msidhani Ulaya walizaliwa na njia za baiskeli. Uholanzi, ambako leo mawaziri wanakwenda ofisini kwa baiskeli, mwaka 1971 peke yake zaidi ya watu 3,000 walikufa barabarani, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Wazazi wakatoka wakaziba barabara, wakalia hadharani, wakadai. Njia zilikuja baada ya madai. Umoja wa Mataifa nao mwaka 2018 uliitangaza tarehe 3 Juni kuwa Siku ya Baiskeli Duniani. Siku hiyo inatukuta katika msimu wa kuuza pamba, wakati baiskeli zetu zote ziko njiani. Tuitumie.

Kwa hiyo tunaposema sheria ndogo ya baiskeli, isiwe sheria ya kumwambia mwenye baiskeli peke yake. Barabara nayo ina mwenyewe. Lami ya Shinyanga kwenda Mwanza inayopita Maganzo iko chini ya TANROADS. Barabara zetu za ndani ziko chini ya TARURA tangu mwaka 2017. Hawa ndio wa kuandikiwa barua. Ukingo wa lami ulioliwa na mvua, ambapo gurudumu la baiskeli likishuka halipandi tena, ni kazi yao kuutengeneza. Matuta na alama za mwendo wa kilometa 50 penye makazi na shule ni kazi yao. Na dereva anayepita hapo kama anafukuzwa ni kazi ya polisi. Kama kijiji kitamkamata mwenye Phoenix asiye na taa, halafu kikakaa kimya juu ya lori linalopita shuleni kwa kasi, watoto wetu watatuuliza siku moja tulikuwa tunamlinda nani.

Neno moja juu ya akina mama na wasichana. Wako wazee wanaosema eti mwanamke kupanda baiskeli si adabu. Hiyo nayo ni sheria, ingawa haikuandikwa popote. Binti anatembea kilometa nyingi kwenda shule ya kata, anarudi giza limeingia, na baiskeli ya nyumbani imeegemezwa ukutani ikimsubiri kaka yake aende nayo senta. Mama anabeba maji kichwani mara nne, wakati baiskeli ingeyaleta mara moja. Tunawaomba wazee wetu kwa heshima: adabu ya mtoto ni kufika salama na kusoma. Tukitunga sheria ya baiskeli, na hii isiyoandikwa tuifute.

Tufanye nini basi? Sisi tunapendekeza haya, na tutayasema mkutanoni:

1. Pendekezo la kukamata baiskeli liondolewe kabisa. Chombo cha kazi hakikamatwi. Kama ni jembe, nani angekubali likamatwe?

2. Ushirika ununue kwa jumla karatasi za kung'aa nyekundu na nyeupe, na tochi ndogo za jua za kufunga kwenye usukani, uwakopeshe wanachama na wanakijiji, walipe wakati wa mauzo ya pamba. Madigadi ya nyuma ya kila baiskeli ipakwe rangi nyeupe. Kopo moja la rangi linatosha baiskeli nyingi.

3. Mara mbili kwa mwaka, kabla ya mvua na kabla ya msimu wa pamba, mafundi baiskeli wa kijiji wakae siku moja pale ghalani. Kila baiskeli ipitishwe: breki, kengele, mnyororo, spoku. Mipira ya breki iuzwe kwa bei ya kununulia.

4. Kwenye lami twende mmoja nyuma ya mwingine, upande wa kushoto. Mzigo usizidi upana wa usukani. Nguzo zifungwe kwa urefu wa baiskeli au zibebwe kwa mkokoteni. Mtoto ambaye miguu yake haifiki chini asiingie lami.

5. Iundwe kamati ya waendesha baiskeli ya watu saba, wanawake wasipungue watatu. Kamati ifungue daftari la baiskeli za kijiji, bila ada. Daftari litasaidia pia baiskeli ikiibiwa. Iandike kila ajali: mahali, saa, sababu. Ajali isiyoandikwa ni hadithi, iliyoandikwa ni hoja.

6. Kamati hiyo ipeleke barua kwa mtendaji wa kijiji, ifike Kamati ya Maendeleo ya Kata, diwani aipeleke Kishapu, na nakala kwa TANROADS na TARURA, kudai ukingo wa lami utengenezwe na alama za mwendo ziwekwe.

7. Baada ya msimu mmoja mzima, taa zikiwa zimepatikana kwa kila anayetaka, hapo ndipo mkutano ukae tena kuhusu adhabu. Na adhabu iwe kumpeleka mtu kwa fundi, akaondoke na baiskeli iliyokamilika na deni dogo dukani, siyo kumrudisha nyumbani kwa miguu.

Tunajua swali litakaloulizwa na mweka hazina: fedha itoke wapi? Tumefikiri. Mkutano mkuu wa ushirika ukikubali, kila mwanachama akatwe thamani ya kilo moja ya pamba, mara moja tu, iwe mtaji wa taa. Kilo moja! Nani hapa hajawahi kupoteza kilo moja kwa kumwaga njiani kwa sababu gunia lilifungwa vibaya kwenye keria? Mtaji huo utazunguka, kwa sababu ni mkopo, si sadaka. Hesabu zake zibandikwe ukutani hapa hapa, kila mwezi, kila mtu azione.

Na kwa wale watakaosema kwamba hili ni jambo dogo, kwamba kijiji kina shida kubwa za maji, bei ya pamba na dawa za zahanati, tunajibu hivi: maji yanabebwa na nini? Pamba inabebwa na nini? Mgonjwa anafika zahanati juu ya nini? Nchi yetu ya Mwadui imetoa almasi tangu mwaka 1940, zikapelekwa zikavaliwa na watu wakubwa duniani. Sisi leo hatuombi almasi. Tunaomba kitu kidogo kinachong'aa nyuma ya baiskeli, ili baba anayerudi usiku aonekane.

Mwenzetu aliyevunjika mguu amesharudi kutembea, kwa fimbo. Tulipomuuliza anasemaje juu ya pendekezo la kukamata, alicheka, akasema: "Mimi lori lilishanikamata, mkinikamata na ninyi nitakimbilia wapi?" Ndugu zetu, tumjibu mkutanoni.

Mwenye neno la kupinga au kuongeza aandike, alete kwa katibu wa ushirika, tutalibandika hapa hata kama hatukubaliani nalo. Asiyejua kuandika aje aseme, tutamwandikia. Ila karatasi hii isichanwe kuwashia sigara kabla jirani yako hajaisoma.

Kidole kimoja hakivunji chawa.

Ni sisi ndugu zenu katika ushirika,
Kamati ya Gazeti la Ukutani